Kaburi Lako Halitaandikwa Kiingereza

Baba Salama, mume wangu,

Eda nimeitoka. Kaniki nimeivua, nimeifua, nimeianika kwenye mgomba. Muda wote huo nilikaa ndani nikiwasikiliza watu wakikuongelea barazani, na mdomo niliufunga kwa heshima yako. Sasa umefunguka. Barua hii naiandika wazi, bahasha siweki, kwa sababu pale ulipo hakuna posta na hapa nilipo wapo wanaostahili kuisikia. Atakayeiokota asome. Atakayekereka akereke.

Mwandiko ni wangu mwenyewe, sikumtuma mtu. Unaujua, ulikuwa unausema unatembea kama kuku mwenye jipu mguuni. Lakini nani alinifundisha?

Unakumbuka darasa la kisomo kwenye ghala la ushirika pale Kinole. Wewe na koti lako la kaki, chaki umeichomeka sikioni kama fundi seremala, na sisi kina mama tumekaa juu ya magunia matupu, tunanuka moshi na majani ya migomba. Salama nilikuwa nimembeba mgongoni. Ukainua picha ya jembe. Ukauliza, hiki nini? Mimi nikalitaja kwa jina lake la kwetu, jina ambalo mama yangu alinituma nalo shambani tangu sijaota meno ya mbele vizuri. Ukanitazama kana kwamba hatukuamka kitanda kimoja asubuhi ile. Ukasema, "Simama. Hapa hatusemi kilugha. Sisi ni Watanzania. Utakaa ukilisema kwa Kiswahili."

Neno jembe nilikuwa nalijua, na wewe ulijua kwamba nalijua. Lakini sikulisema. Nilisimama kipindi chote, Salama akalia, nikamnyonyesha nimesimama, wenzangu wakasoma jembe, nyundo, uhuru, umoja, na mimi nimesimama tu kama nguzo ya ghala. Jioni ukaja nyumbani, nikakuwekea ugali na mboga ya maboga. Ukaonja. Ukasema, kwa Kiluguru safi kabisa, chumvi imepungua. Nikakwambia, "Simama."

Ulicheka mpaka ukapaliwa. Nikakupiga mgongoni, nikakupa maji, ukaendelea kucheka. Tangu siku ile nilijua nimeolewa na mtu mbishi, na wewe ukajua umeoa mbishi zaidi.

Kiswahili sikukichukia, nisisingiziwe. Ndicho hiki ninachokuandikia. Kilinisaidia sokoni mjini, hakuna mnunuzi wa ndizi wala iliki aliyeweza kunizungusha. Lakini wewe hukutosheka kukileta Kiswahili, ukataka na kile kingine kitoke. Salama alipoanza kusema ukanikataza kumsemesha Kiluguru. "Mtoto huyu atakwenda Tabora, atakwenda Moshi, huko atamwambia nani Kiluguru?" Basi nikawa namsemesha mwanangu wa kumzaa kama mgeni aliyepita kuomba maji. Mama yangu alipokuja kumtazama mjukuu wake, walikuwa wanakaa mkekani wanatabasamiana tu, bibi upande huu, mjukuu upande ule. Bibi anasema, mtoto ananigeukia mimi nimfafanulie. Wewe upo mlangoni, unaona. Ukaniambia, "Watazoeana."

Mama alikufa hawajazoeana.

Nasema haya si kwa kukuchimba kaburini. Nasema kwa sababu yaliyokuja baadaye yaliingia kwa mlango ule ule, na mlango uliuacha wazi wewe.

Salama alisoma, akapata kazi kiwandani mjini, stoo. Tulijivuna, usikatae. Wewe ulikuwa unawaambia watu njiani bila kuulizwa. Halafu ikaja ile miaka ya kuuza kila kitu, na kiwanda nacho kikauzwa. Wenye mali wapya wakawaita wafanyakazi mmoja mmoja kuwauliza maswali, kwa Kiingereza. Mwanao akaulizwa kazi aliyokuwa akiifanya kila siku, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Kazi akapewa binti mwingine aliyejua kusema. Stoo yenyewe binti huyo hakuwahi kuikanyaga.

Siku ile alipanda huku kwa miguu kutoka gari linapoishia, viatu mkononi. Wewe ulikuwa barazani unamenya chungwa. Hakukusalimia. Alisema, "Baba, uliniambia Kiswahili kitanifikisha popote. Ulinidanganya." Ukaliweka chungwa chini. Ukasema unakwenda kuwatazama mbuzi. Ukakaa huko mpaka giza likaingia, na mbuzi walikuwa wameshafungwa tangu alasiri.

Tangu hapo Salama akaapa. Akafungua duka la mitumba, akapata mume mwenye kazi ya maana, wakamzaa Nuru, na Nuru akapelekwa shule ya tai na soksi ndefu, Kiingereza kuanzia getini. Nyumba nzima Kiingereza. Mbwa anafukuzwa kwa Kiingereza. Nilipokwenda kuwatembelea, Salama alinivuta jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, usimsemeshe sana mtoto. Kiswahili chako kina lafudhi ya milimani, anaiga, shuleni wanamcheka."

Niliirudia hadithi ile kwako na wewe ukanyamaza. Leo hunyamazi kwa hiari, basi nisikilize. Kiluguru ulinivua ukanivika Kiswahili. Sasa mwanao anataka kunivua na hicho, na hana cha kunivika. Nikae uchi? Kiswahili chenyewe ulichonisimamishia darasani, leo nyumbani kwa binti yako ndicho kilugha.

Halafu ukaugua. Sijui kama unakumbuka. Wiki za mwisho Kiswahili kilikutoka. Hukukataa kukisema, kilikutoka tu, kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Ukabaki na Kiluguru cha utotoni, kile cha mama yako. Salama alikuja, akapiga magoti pembeni ya kitanda, akakushika mkono. Ukasema maneno. Akanigeukia.

"Baba anasema nini?"

"Anauliza kama mbuzi wamefungwa."

"Na kingine?"

"Anauliza tena habari ya mbuzi."

Alinitazama kwa hasira. Alidhani namficha, kwamba umetoa baraka na mimi nimeimeza. Sikumficha kitu. Ulikuwa unauliza habari ya mbuzi. Akasema, "Basi mwambie wamefungwa." Nikamwambia, "Mwambie mwenyewe." Akanijibu taratibu, uso ameuinamisha kwenye shuka lako, "Sijui kusema."

Nikakwambia mimi. Ukatulia.

Sasa nije kwenye maziko yako, maana ulikuwepo lakini hukuyaona.

Nilikuwa chumbani na kina mama, dirisha wazi. Uani umejaa watu mpaka kwenye mibuni. Salama amekuja na wageni wa mumewe, watu wa ofisini, miwani myeusi, viatu vimejaa tope letu jekundu. Mwili umeshaoshwa, umeshakafiniwa, uko tayari. Na mtani wako Mwantumu, kama utani wa ukoo wenu na wao unavyotaka, ameshavaa koti lako la kaki na kofia yako, chaki sikioni. Anapita katikati ya waliaji. Anamwonyesha mzee kidole. "Wewe, umelia kilugha. Simama. Lia kwa Kiswahili." Watu hoi. Mimi mwenyewe, mjane, nimejifunika kanga nacheka na machozi yanatoka. Ndiyo kazi ya mtani hiyo. Anatunyang'anya kilio kidogo ili tupumue, na jeneza halitoki nyumbani bila yeye kuliwekea mguu mlangoni na kugoma. Angekuwa amekufa mtu mwingine, ungeyasimamia haya wewe mwenyewe.

Mara akasimama rafiki wa mkweo na karatasi. Risala. Nikatega sikio nisikie mume wangu anavyosifiwa. Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Uani pale, Baba Salama, kwenye uwanja ulioupiga fagio wewe, wamekaa watu uliolima nao, uliowafundisha kuandika majina yao, wote wanatazama mdomo wa yule kijana kama watu wanaotazama redio iliyoharibika.

Mwantumu akaenda kusimama kando yake, mikono nyuma, akaanza kufasiri.

"Anasema, marehemu alikuwa anakoroma."

Kijana akaendelea kusoma.

"Anasema, alinunua baiskeli, akaisukuma maisha yake yote, maana huku kwetu hakuna pa kuipanda."

Watu wanagaragara. Kijana akakazana, jasho linamtoka.

"Hapo sasa anasema, nyinyi wote hamkusoma, kwa hiyo laleni, tukimaliza tutawaamsha."

Hapo Salama akanyanyuka. Uso umemwiva. Aliwageukia wale wageni akasema nao kwa Kiingereza, haraka haraka, huku anamwonyesha Mwantumu kwa kidevu. Nuru alikuwa amekaa miguuni pangu dirishani. Nikamuuliza, mama yako kasema nini? Mtoto hana hila, akanijibu, "Bibi, mama amewaambia wageni wamsamehe yule bibi, hana akili timamu."

Kina mama chumbani walisikia. Na uani, neno lilipita mkeka hadi mkeka. Mwantumu hakukasirika, mtani hakasiriki. Lakini mtani asiyetakiwa hawezi kujilazimisha. Alivua koti lako, akalikunja vizuri, mkono kwa mkono, akaliweka juu ya mkeka. Kofia juu yake. Akaondoka kwa njia ya mtoni.

Jeneza likatolewa mlangoni bila mtu kuliwekea mguu. Ukaondoka nyumbani kwako kimya kama mzigo wa mkaa. 

Jioni nilimwambia Salama alichofanya. Hakujua. Nakwambia ukweli, hakujua kabisa mtani ni nani. Nani angemwambia, na kwa maneno gani? Lakini akajitetea kwa hoja, mwanao huyo, ana kichwa chako. Akasema, "Mama, mbona sheikh amesoma Kiarabu kutwa nzima na hakuna aliyeelewa, na hamkulalamika?"

Nikamwambia, Kiarabu kile alikuwa anaambiwa Mungu, na Mungu anakijua. Risala yako ulikuwa unamwambia nani? Kama ulikuwa unatuambia sisi, hukutuambia. Kama ulikuwa unawaambia wale wenye miwani, wao marehemu hawakumjua, walikuja kwa sababu ya mumeo. Basi habari za baba yako hakuambiwa mtu yeyote.

Nikadhani yameisha. Nikaingia eda.

Nikiwa humo ndani ndipo nikaletewa habari kwamba Salama anachongesha jiwe mjini, la kuweka kichwani kwako. Jiwe zuri, linang'aa, na maneno ya Kiingereza. Nuru alinitumia maana yake kwa mdomo wa jirani: baba mpendwa, mtumishi wa elimu, pumzika kwa amani. Nikauliza, huku juu nani atakayelisoma? Wale wazungu wanaopanda msituni kutafuta vinyonga? Wakimaliza vinyonga wao waje wasome kwamba umepumzika? Nikatuma neno kwamba sitaki. Neno likarudi: Mama, watu watatuona washamba.

Na watuone.

Salama amesahau kitu kimoja, au hakufundishwa. Ulizikwa kwenye shamba la lukolo, la ukoo wangu mimi, wewe mwenyewe uliomba na ndugu zako wakaridhia. Ardhi ile niliipata kwa mama, naye kwa mama yake, na yeye Salama ataipata kwangu, na Nuru kwake. Siku atakapoirithi ataandika anachotaka, hata Kichina. Mimi sijafa.

Kwa hiyo siku nilipotoka eda, sikwenda kutembelea watu wala kupaka hina. Nilikwenda kwa Mwantumu. Nilimkuta anapepeta. Nikamwambia, mtani, kazi yako hujaimaliza. Akasema, "Mimi si kichaa? Kichaa gani anamaliza kazi?" Nikamwambia nimekuletea koti. Akalipokea, akalivaa juu ya kanga, akabeba ungo wake kichwani, tukapanda.

Fundi tulimchukua yule mdogo wa hapa hapa. Saruji Mwantumu alikuwa anaikanyaga na kukutukana, kwamba marehemu hata maiti yake inasumbua watu wazima, kwamba ulikuwa mzito wa kuelewa na sasa ni mzito wa kufunikwa. Alikutukana mpaka nikasikia mwili wangu unakuwa mwepesi. Alikutukana kwa miezi yote aliyonyimwa. Fundi aliposawazisha saruji juu, nikamwambia asogee. Nikapiga magoti. Nikachukua msumari.

Nimekuandikia kwa Kiluguru, kwa herufi zile zile ulizonifundisha ghalani. Hukunikataza kuandika, ulinikataza kusema tu. Nimeandika jina lako, na chini yake, kwa wasiojua, maana yake ni hii: Hapa kalala aliyetufundisha kusoma. Alikuwa mbishi. Sisi tuliomzika tunamjua.

Jana Salama akafika. Jiwe limefungwa kwenye gunia, wanaume wawili wamelipandisha kwa mti mabegani, wanahema, wana nyundo na patasi na mfuko wa saruji. Nuru yuko nyuma na viatu vya shule. Mimi nilikuwa nimeshakaa pale kaburini tangu umande haujakauka, na Mwantumu pembeni yangu anachambua mboga ndani ya koti lako.

Salama aliona. Akasimama.

"Nani ameandika?"

"Mimi."

"Mama, hii ni nini?"

"Soma. Shule umesoma wewe."

Akainama. Akaanza kusoma, silabi kwa silabi, kidole kinafuata, kama wanafunzi wako wa siku ya kwanza. Ilimtoka mdomoni yote, jina lako mpaka mwisho, ameisema yote bila kuielewa, na Mwantumu akamwitikia kwa Kiluguru kwamba ni kweli, ndivyo ulivyokuwa. Salama akaniuliza maana yake. Nikampa, sikupunguza neno.

Alibaki ameinama pale. Akasema, "Sisi tuliomzika. Kwa hiyo mimi sikumzika?"

"Ulimzika kwa karatasi."

"Mama." Akaniinulia uso. "Wewe unajua ilivyo kukaa mbele ya watu, unaulizwa jambo unalolijua, unalo hapa, unashindwa kulitoa? Wanakutazama kama mjinga? Unajua? Mimi nimeapa Nuru hatakaa kwenye kiti kile. Nimekosa nini?"

Nikamwambia, "Najua. Nilisimamishwa na baba yako kwa ajili ya jembe, wewe ukiwa mgongoni mwangu. Sijakwambia umfiche mtoto Kiingereza. Mpe. Mpe chote, ajaze mifuko. Waliokunyima kazi walikuonea, na ningekuwepo ningewaambia kwa lugha yoyote niliyonayo. Lakini ulichofanyiwa kule, usije kuwafanyia watu hapa uani kwangu. Mwantumu alikuwa na jambo analolijua, akiwa amesimama mbele ya watu wako, na wewe ukamwita kichaa kwa lugha asiyoweza kukujibia."

Mwantumu akasema, bila kuinua macho kwenye mboga zake, "Nilielewa lakini. Kidevu chake kilisema Kiluguru."

Hakuna aliyecheka ila Nuru. Alicheka, halafu akaziba mdomo na kumtazama mama yake.

Wale wanaume walikuwa wanasubiri. Mmoja akauliza, "Mama mwenye jiwe, tulibandue hili tuweke letu?" Patasi alikuwa ameishika mkononi. Nami sikusogea. Niliviweka viganja vyangu viwili juu ya maandishi, nikamtazama binti yangu, na nikanyamaza, mimi nisiyejua kunyamaza.

Salama alilitazama gunia, akamtazama mtoto wake. Akawaambia wale wanaume, "Liwekeni chini, mpumzike." Basi. Hakusema niko sahihi. Hakumwomba Mwantumu radhi, ingawa aliposhuka alimpa shikamoo, na kabla ya hapo hakuwahi. Kwangu aliaga kwa ukali kidogo, akasema atarudi wakati wa likizo na tutaongea vizuri. Nikamwambia njia anaijua. Jiwe lenyewe wamelishusha mpaka uani kwangu, liko hapo limeegemea ukuta, limo ndani ya gunia lake. Sitalivunja, ni mali ya mtu na amelilia. Ila kaburini halipandi nikiwa na miguu ya kupanda kabla yake.

Basi ndiyo hayo, baba. Sina la kukubembeleza. Nimekukumbuka sana, nyumba ni kubwa mno jioni, na hakuna mtu wa kubishana naye kuhusu chumvi. Lakini sikulii ovyo. Nakuja Ijumaa kukung'olea majani pembeni, nikusemeshe lugha ninayotaka, na wewe huna ubao wa kunisimamishia.

Lala. Maandishi yamepinda kidogo upande wa miguuni, lakini saruji imekauka.

Ni mimi mkeo,
Mama Salama